Jinsi ya Kujenga na Kutunza Kasiki ya Mawe Bustanini: Mwongozo kwa Wakazi wa Lamu na Malindi

Kasiki za mawe zinazopamba bustani za majumba ya kale ya Uingereza zimewavutia wengi wanaojenga au kukarabati nyumba Malindi na Shela, na si ajabu siku hizi fundi mwashi kuoneshwa picha kwenye simu na kuulizwa kama anaweza kutengeneza mfano wake. Anaweza. Linalotakiwa ni kutenganisha mambo mawili ambayo picha huyachanganya, nayo ni umbo la kasiki, ambalo linaweza kuigwa popote, na jinsi kasiki inavyoishi nje mwaka hadi mwaka, ambayo hutegemea hali ya hewa ya mahali. Adui mkubwa wa kasiki ya Uingereza ni jalidi, yaani maji kuganda kwa baridi kali, na adui mkubwa wa kasiki ya pwani yetu ni chumvi, lakini wote wawili huingia ndani ya jiwe kwa njia moja, yaani maji. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelekezo yafuatayo inahusu maji: yapite wapi, yasituame wapi, na yazuiwe kupanda kutoka wapi.

Kabla ya kuiga

Umbo hili asili yake si Uingereza. Matajiri wa Kiingereza wa karne ya 18 walisafiri Italia, wakaona vyombo vya marumaru vya Warumi, wakarudi navyo au wakaagiza nakala zake. Mashuhuri kuliko vyote vilivyofika kwao ni kasiki ya Warwick, ambayo vipande vyake vilifukuliwa mwaka 1771 katika magofu ya kasri la mfalme Hadrian karibu na Tivoli, vikaunganishwa, na hatimaye ikasimamishwa katika ngome ya Warwick. Mwenye ngome hakuiacha bustanini ipigwe na mvua na baridi, bali aliijengea nyumba yake yenye madirisha makubwa ya vioo, na hivi leo kasiki yenyewe imo katika jumba la Burrell Collection mjini Glasgow. Mtu anayetaka kununua marumaru nyeupe iliyochongwa kwa ustadi ili aiweke hatua chache kutoka ufukweni aufikirie kwanza mfano huo.

Zile zilizoachwa nje kwa kawaida zilitengenezwa kwa vitu vinavyostahimili zaidi hali ya hewa au vya bei nafuu zaidi. Nyingi ni za mawe ya chokaa, hasa yale ya kisiwa cha Portland, katika jimbo la Dorset, ambayo ndiyo yaliyojenga kanisa kuu la St Paul's mjini London. Nyingine ni za madini ya risasi: katika bustani ya Melbourne Hall, Derbyshire, ipo kasiki kubwa ya risasi ya majira manne ya mwaka, kazi ya Jan van Nost ya mwanzoni mwa karne ya 18, iliyowekwa mahali ambapo njia za bustani hukutana. Nyingine si mawe hata kidogo ingawa huitwa hivyo. Mwaka 1769 Eleanor Coade alianza kuendesha kiwanda huko Lambeth, London, ambako udongo uliochanganywa na unga wa vigae, gumegume, mchanga na kioo ulifinyangwa katika kalibu na kuchomwa tanurini kwa siku kadhaa. Simba wa mwaka 1837 anayesimama kando ya daraja la Westminster ametokana na udongo huo, na michoro ya manyoya yake bado inaonekana vizuri. Nayataja haya kwa sababu baadhi ya wateja huona aibu wanapoambiwa kuwa kasiki yao itakuwa ya lipu juu ya kiini cha mawe, kana kwamba wamepunjwa, ilhali mabwana wa Kiingereza wenyewe hawakuona vibaya kuweka udongo uliochomwa mbele ya majumba yao.

Jambo jingine la kuangalia kwenye picha ni kifuniko. Kasiki yenye kifuniko kilichofungwa, na hasa ile iliyochongwa kama imetandikwa kitambaa, inatokana na vyombo ambavyo Warumi waliwekea majivu ya maiti, na hata Uingereza hutumika sana makaburini. Chagua umbo la wazi, lenye mdomo mpana. Kwa sababu kama hiyo, usiiweke kasiki juu ya nguzo nyembamba ndefu. Mtu wa Malindi aliyezoea kuyaona makaburi ya nguzo yaliyo kando ya msikiti wa Jamia, au lile la Mambrui lililopambwa kwa bakuli za Kichina, hataona pambo, ataona kaburi. Vichwa vya mbuzi na nyuso za watu zilizochongwa kwenye masikio ya kasiki za Kizungu nazo hazikai vizuri katika nyumba nyingi za kwetu, na hakuna hasara kuziacha, maana mapambo ya majani, maua na kamba yaliyomo katika zidaka na milango ya Lamu yanatosha na kuzidi.

Kuchagua mahali

Katika bustani za Kiingereza kasiki mara nyingi haina mmea. Kazi yake ni kulisimamisha jicho: mwisho wa njia iliyonyooka, kwenye pembe ya ukuta, pande mbili za ngazi. Ikiwekwa katikati ya nyasi bila kuelekeana na chochote, huonekana kama mzigo ulioshushwa hapo ukingoja mchukuzi. Kaa mahali unapokaa kila siku, iwe barazani, mezani au dirishani ghorofani, uangalie jicho linaishia wapi. Kisha panga makasha au madumu mpaka yafikie kimo unachokusudia, yafunike kwa shuka nyeupe, na uyaache siku chache. Jaribio hili halina gharama na huzuia majuto, kwa kuwa kasiki ikishajengwa haihamishiki.

Katika kiwanda cha nyumba ya Lamu, yaani ule ua wa ndani uliozungukwa na kuta ndefu, kasiki moja inatosha, na kiguzo kinachoibeba kisizidi kimo cha goti, kwa sababu mtu huitazama kwa karibu na pia kutoka juu. Katika bustani pana za Malindi kiguzo kinaweza kufika sentimita 75 hadi 90. Jiepushe na sehemu inayopigwa moja kwa moja na upepo wa kusi kutoka baharini, ambao hubeba chembe za maji ya chumvi, na pia mahali ambapo maji ya paa hudondoka.

Usiijenge kasiki ya mawe juu ya dari ya nyumba ya kale. Dari hizo hubebwa na boriti za mikoko, na ndiyo sababu vyumba vya Lamu ni virefu lakini vyembamba. Jiwe la chokaa lenye ujazo wa robo ya mita moja ya ujazo hufikia nusu tani au zaidi, na uzito huo wote ukikaa juu ya boriti mbili au tatu zilizokwisha kula chumvi ya miaka mingi, hatari yake haihitaji maelezo. Ikiwa nyumba imo ndani ya Mji wa Kale wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia, zungumza na ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kugusa ukuta, baraza au kiwanda cha zamani.

Mawe, chokaa na mchanga

Mawe yanayopatikana kwa urahisi ni yale ya matumbawe ya kale yanayochimbwa nchi kavu, kama yanayokatwa kwa mikono Maweni katika kisiwa cha Manda na kuvushwa kwa mashua. Ni mepesi kwa kulinganishwa na mawe ya bara, yanashikana vizuri na chokaa, lakini yamejaa matundu, kwa hiyo hayachongeki kwa umakini. Wajenzi wa zamani walilijua hilo, na kwa kazi ya nakshi walitumia tumbawe laini lililotolewa baharini na kuchongwa lingali bichi. Njia hiyo isifuatwe tena. Miamba ya matumbawe hai ndiyo makazi ya samaki na kinga ya fukwe zetu, na ile ya Malindi na Watamu imo ndani ya hifadhi za bahari tangu mwaka 1968. Akikujia mtu na tumbawe bichi la kuuza, usinunue.

Mawe ya Galana, yale mabapa ya rangi ya kahawia na waridi, yanafaa kwa sakafu ya kuzunguka kiguzo, lakini hutoka kwa matabaka na hayafai kuwa tumbo la kasiki.

Njia ninayoipendekeza, basi, ni kiini cha mawe ya Maweni kilichovikwa lipu ya chokaa na kupewa umbo kwa kigezo kinachozungushwa, yaani ubao uliokatwa kwa umbo lake. Inafaa Lamu hasa, ambako vichochoro ni vyembamba na mizigo hubebwa na punda na mikokoteni, kwa kuwa kila kitu huingia vipande vipande na kasiki huzaliwa pale pale itakapokaa. Saruji usiitumie, isipokuwa kwenye zege la chini kabisa ikibidi. Lipu ya saruji ni ngumu kuliko jiwe lililo ndani yake na haipumui, hivyo maji yakipenya kwenye ufa mdogo hukosa pa kutokea, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache gamba zima hubanduka na kuondoka na uso wa jiwe.

Chokaa iwe imezimwa kwa maji na kuachwa shimoni au pipani, imefunikwa na maji, kwa muda usiopungua miezi mitatu. Ikikaa mwaka ni bora zaidi. Chokaa ya mfukoni iloweshwe angalau usiku kucha kabla ya kutumiwa. Anayezima chokaa mbichi ajue kuwa huchemka kwa nguvu, kwa hiyo avae glavu na miwani, atie chokaa ndani ya maji wala si maji juu ya chokaa, na awe na ndoo ya maji safi karibu ya kuoshea macho.

Mchanga wa ufukweni haufai, kwa kuwa ni kuiweka chumvi ndani ya kasiki kwa mkono wako mwenyewe. Usichote hata kidogo kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kwani maji ya visima vya mji wa Lamu hutegemea vilima hivyo. Tumia mchanga wa mtoni, uoshe kwa maji baridi ya kunywa, kisha chukua kijiko cha maji ya mwisho uliyooshea, uyamwage juu ya kipande cha kioo na kuyaacha yakauke. Yakibakiza utando mweupe mzito, osha tena.

Kujenga

Wakati mzuri ni baada ya masika kupungua, tuseme kuanzia Agosti. Mvua kubwa ya Aprili na Mei huosha chokaa kabla haijashika, na jua la kaskazi, kuanzia Januari hadi Machi, huikausha mno hadi ipasuke. Hata katika wakati huo mzuri, zungushia kazi kivuli cha makuti au turubai.

Chimba msingi wa kina cha sentimita 40, upana ukizidi wa kiguzo kwa sentimita 15 kila upande, kisha shindilia kokoto za mawe na chokaa kwa matabaka. Juu ya msingi, kabla ya jiwe la kwanza la kiguzo, tandika karatasi nzito ya lami au nailoni ngumu ya wajenzi. Hatua hii hurukwa na mafundi wengi kwa sababu haionekani kazi ikimalizika, lakini bila hiyo jiwe litafyonza unyevu wa ardhini, unyevu utakauka juu ya uso wa kiguzo na kuacha chumvi, na fuwele za chumvi zinapokua ndani ya vitundu vya jiwe huusukuma uso wake hadi ukawa unga. Watu huulaumu upepo wa bahari kwa kiguzo kinachooza sehemu ya chini, wakati mara nyingi kosa liko ardhini.

Simamisha katikati ya kiguzo bomba la plastiki la inchi mbili, lipande hadi pale patakapokuwa sakafu ya ndani ya kasiki, na upande wa chini lipindwe litokee nje ya kiguzo juu kidogo ya ardhi. Hilo ndilo litakalotoa maji ya mvua. Katika bomba hilo ingiza fimbo ya chuma iliyonyooka, uisawazishe kwa timazi, na uishike juu kwa gongo la mti lililofungwa kwenye nguzo mbili za muda. Fimbo hii ndiyo mhimili ambao kigezo kitauzunguka, na isipokuwa wima barabara, kasiki nzima itainama.

Sasa jenga kiini kwa vipande vidogo vya mawe na udongo wa chokaa, yaani chokaa moja kwa mchanga mitatu, pamoja na nusu ya kipimo cha unga wa vigae au matofali yaliyochomwa, ambao huisaidia chokaa kushika mahali penye unyevu. Anza na kitako, halafu mguu, halafu tumbo, ukiacha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 kwa ajili ya lipu. Unene wa mguu usiwe chini ya theluthi moja ya upana wa tumbo. Kasiki nyingi za picha zina miguu myembamba zaidi ya hapo, lakini hizo zimechongwa kutoka kwenye jiwe moja zima au zimeunganishwa kwa pini, na kiini cha vipande hakiwezi kufanya hivyo kwa usalama. Kila tabaka la tumbo litokeze kidogo tu kupita la chini yake, na upumzike siku mbili kabla ya kuongeza. Ukihitaji chuma popote ndani ya kasiki, tumia chuma cha pua kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikipata kutu huvimba, na uvimbe huo umepasua kasiki nyingi za Uingereza ambazo zilistahimili baridi yote.

Kigezo ni ubao wa plaiwudi uliokatwa ukingo wake kwa umbo la kinyume la kasiki, ukapigiliwa bati lililokatwa kwa umbo hilo hilo, likitokeza milimita chache ili liwe kisu. Kata bati mbili. La kwanza lifanye umbo liwe jembamba kwa milimita 5 kuliko unavyotaka, na la pili liwe la kipimo kamili. Funga ubao kwenye fimbo kwa mikono miwili ya mti yenye matundu, yote juu ya mdomo wa kasiki, mmoja juu ya mwingine, ili uzunguke bila kuyumba.

Lowesha kiini, rusha lipu ya kwanza kwa mwiko, unene usiozidi sentimita moja kwa safu, na uzungushe kigezo polepole kuelekea upande mmoja tu. Mwanzoni kitachota na kuacha mapengo. Jaza, zungusha tena, safisha bati, jaza tena. Kwaruza uso kabla haujakauka ili safu inayofuata ipate pa kushika, ufunike kwa gunia la katani lililoloweshwa, na usubiri wiki moja hadi siku kumi. Chokaa haikauki tu kama udongo, bali hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa, na kazi hiyo huingia ndani taratibu sana, takriban milimita moja kwa mwezi, tena hukoma kabisa chokaa ikikosa unyevu. Fundi anayeahidi kumaliza yote ndani ya wiki moja anakusudia kutia saruji.

Safu ya mwisho iwe ya chokaa iliyochujwa kwa kitambaa na mchanga laini au unga wa marumaru, sawa kwa sawa, unene wa milimita 3 hadi 5. Hapa kigezo cha pili hufanya kazi yake, na mistari ya shingo, ukingo na kitako hutokea mikali na safi. Kama unataka nakshi, ndio wakati wake: lipu ikishakuwa ngumu kiasi cha halua iliyopoa, chora kwa bikari mistari ya kugawanya mzunguko sawasawa, kisha kata kwa kisu chembamba, kina cha milimita 3 tu. Mshipi mmoja wa majani chini ya mdomo na kamba moja kwenye mguu vinatosha. Mafundi waliopamba zidaka za Lamu walijua kuacha nafasi nyeupe kati ya nakshi, na kasiki iliyochorwa kila mahali huonekana ndogo kuliko ilivyo.

Toa fimbo, sugua sakafu ya ndani iwe na mteremko kuelekea kwenye tundu la bomba, na uiache kasiki chini ya gunia lenye unyevu kwa wiki tatu au nne.

Kupanda na kutunza

Ikiwa utapanda kitu, usijaze udongo moja kwa moja. Weka mmea katika chungu chenye matundu, kiinuliwe juu ya vipande vitatu vya vigae ndani ya kasiki, ili mbolea na maji yasiguse lipu. Mishubiri na mimea mingine inayovumilia ukame inafaa kuliko maua yanayohitaji kumwagiliwa kila jioni. Ukiiacha tupu, kama wafanyavyo Waingereza, chungulia tundu la bomba kila baada ya mvua na ulizibue kwa kijiti, kwa maana kasiki iliyoziba ni nyumba ya viluwiluwi vya mbu.

Katika bustani nyingi za Uingereza kasiki na sanamu hufunikwa wakati wa baridi, kwa kuwa maji yaliyomo ndani ya jiwe yakiganda huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9 na kulipasua. Kwetu jambo hilo halina maana, na kuifunika kasiki kwa nailoni ni kuidhuru, kwani jasho lake litabaki ndani. Afadhali uipangusie vumbi la chumvi kwa brashi laini kavu wakati kusi kinapovuma kwa nguvu, na uiruhusu mvua iioshe. Usitumie brashi ya waya, mashine ya maji ya nguvu, wala asidi ya aina yoyote, kwa sababu chokaa na asidi havikai pamoja. Hata siki na ndimu huila. Weusi wa kuvu unaotokea pande zenye kivuli huondoka kwa maji safi na brashi ya nyuzi. Waingereza wengi huacha madoa ya kuvumwani juu ya mawe na kuyaona ni uzuri wa uzee, na anayependa hivyo aache.

Mara moja kwa mwaka ipake chokaa nyembamba kama maziwa, mikono mitatu badala ya mmoja mzito, uso ukiwa umeloweshwa kwanza. Wanaopaka nyumba chokaa kabla ya sikukuu waipake na kasiki siku hiyo hiyo. Rangi za mafuta, vanishi na zile za plastiki zisiiguse, kwa kuwa huziba vitundu ambavyo unyevu hutokea.

Ufa mwembamba usio na kina jaza kwa chokaa ileile uliyojengea, baada ya kuulowesha. Kipande kikibanduka kikiwa kizima, kihifadhi ndani ya kitambaa kikavu pamoja na picha ya mahali kilipotoka, kisafishwe vumbi, kirudishwe kwa chokaa laini na kufungwa kwa kamba ya mpira kwa siku kadhaa. Lakini ikiwa mguu wenyewe umepata ufa unaozunguka, ondoa chungu kilichomo ndani, wazuie watoto wasiusogelee, na umwite fundi siku hiyo hiyo, kwani tumbo la kasiki ya kimo cha sentimita 80 linaweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo mia moja.